Mastaa wetu, acheni kutulisha paella ya friza mkasema ndio Madrid

Leo hatuongelei nani kaachwa wala nani kahongwa gari. Leo naongelea chakula, na nimekasirika, kwa hiyo kama una moyo mwepesi rudi kesho.

Ndani ya miezi miwili hii wamepita hapa Madrid mastaa wetu watatu. Majina sitaji. Sio kwamba naogopa, ila nikitaja jina moja tu mtaacha hoja, mtaanza kugombana timu nani na timu nani. Nawajua ninyi. Kwa hiyo tuwaite Dada wa Vipodozi, Kaka wa Bongo Fleva na Mtangazaji. Mkiwatambua, kimya kimya.

Dada wa Vipodozi alikaa Plaza Mayor, meza ya nje kabisa, kofia kubwa kama ungo, mbele yake kikaango cha wali wa njano na jagi la sangria. Akawaambia wafuasi wake kwamba hicho ndicho chakula halisi cha Madrid, eti ni kama pilau tu ya samaki, usiondoke hujala. Kaka wa Bongo Fleva yeye alijirekodi anasukuma sahani pembeni, anasema Wahispania hawajui kupika, chakula hakina ladha, apewe ugali. Mtangazaji ndiye mjanja kuliko wote. Anauza orodha ya "sehemu kumi za kula Hispania" kwa shilingi elfu thelathini. Unatuma hela, unatumiwa orodha kwenye simu.

Mimi niko hapa mwaka wa tatu. Sio mpishi, sijasomea utalii, shule niliishia kidato cha nne. Naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja wa mji wa zamani. Na niwaambie kitu, muosha vyombo anaujua mgahawa kuliko meneja. Anaona sahani zinavyorudi zimejaa. Anaona kipi kimekatwakatwa asubuhi na kipi kimetolewa kwenye boksi la friza. Kwa hiyo naongea nilichokiona.

Mtasema, sasa wewe inakuuma nini, kila mtu na hela yake. Ngoja niwaambie inaniuma nini.

Kuna dada mmoja msomaji wangu, anafanya kazi za ndani Italia. Miaka mitano hajamuona mama yake. Mwaka huu kajibana, kamlipia mama tiketi, wakapanga siku tatu waje Madrid watembee. Mama mtu wa dini, hajawahi kula nguruwe maisha yake yote. Binti kaiona ile posti ya Dada wa Vipodozi, pilau ya samaki tu, akasema hapa ndipo nitampeleka mama. Wakakaa mezani. Ikaja. Mama kala nusu sahani, ndipo binti akaona vile vipande vyekundu kwenye wali. Ilikuwa chorizo, soseji ya nguruwe. Bili yao ikawa euro 94, na ndani yake mkate ambao hawakuuomba na maji ambayo wangeweza kuyapata bure. Mama hakusema neno. Alienda hotelini akajifungia. Binti kaniandikia usiku ananiuliza swali moja tu: "Hivi yule dada aliionja kweli au alipiga picha tu?"

Sasa hilo ndilo linaniuma. Ukiwa na watu laki kadhaa wanaokuamini, mdomo wako una uzito. Huwezi kusema "samaki tu" kwa sababu picha imekaa vizuri.

Haya, tuanze na hiyo paella yenyewe, maana inaonekana hatuelewani.

Paella sio chakula cha Madrid. Ni chakula cha Valencia, mji wa pwani ulio kilomita 350 hivi kutoka hapa. Wali wake unalimwa huko huko, kwenye mashamba ya maji kandokando ya ziwa la Albufera. Hata jina paella ni jina la kikaango chenyewe, kile kipana chenye mikono miwili. Ile ya asili ya Valencia wala sio ya samaki. Ina kuku, sungura, maharage mabichi ya kijani, maharage makubwa meupe yanaitwa garrofó, nyanya, mafuta ya zeituni na zafarani. Inapikwa kwa kuni, wenyewe wanapenda kuni za mchungwa, na inaliwa mchana. Ipo pia ya viumbe wa baharini na ni nzuri, lakini chorizo haimo. Mwaka 2016 mpishi mmoja maarufu sana wa Uingereza aliweka mtandaoni paella yake yenye chorizo, Wahispania wakamshukia kama mwewe na kifaranga. Na mwaka 2021 serikali ya jimbo la Valencia iliitangaza paella kuwa urithi wa utamaduni wao. Wenzetu hawana utani na sufuria lao.

Sasa ile ya uwanjani ni kitu gani? Tembea pale utaona mbao zenye picha za paella, nne au sita, na mgahawa wa jirani picha ni zile zile, kikaango kile kile, kamba yule yule kakaa upande ule ule. Jiulize, wapishi tofauti wanawezaje kupika kamba akae pozi moja? Inakuja imegandishwa, inapashwa moto, basi. Wali wa paella wa kweli unachukua dakika kama 20 peke yake, bado hujahesabu kukaanga nyama na mboga. Ukiagiza ikafika dakika ya nane, ujue hakuna aliyekupikia, umepashiwa.

Sisemi mtu wa Madrid hali paella. Anakula. Migahawa mingi ya kawaida ina desturi ya kuipika siku ya Alhamisi, kwenye chakula cha mchana cha bei moja. Lakini hapo anakula Mhispania aliyetoka kazini, sufuria moja kubwa, ikiisha imeisha. Hiyo ni tofauti na kumuita mgeni kwa picha saa kumi na mbili jioni.

Sasa Madrid yenyewe inakula nini? Hapa ndipo naanza kugombana na Kaka wa Bongo Fleva.

Kaka, wewe umekulia kwenye chipsi mayai, tunajua, umeziimba mwenyewe. Sasa unasemaje Wahispania hawana ladha, wakati chakula chao kikubwa kuliko vyote ni tortilla, yaani viazi na mayai? Viazi vinaiva taratibu kwenye mafuta ya zeituni, vinachanganywa na yai, inageuzwa kwa sahani, inatoka nene kama keki. Wenyewe wanagombana miaka yote, iwekwe kitunguu au isiwekwe. Familia zinagawanyika. Ungekaa kaunta ukala kipande na mkate ungejisikia uko nyumbani.

Nenda na mtaa wa Cava Baja, ule uliopinda wa La Latina. Pale kuna Casa Lucio, ipo tangu 1974, maarufu kwa huevos estrellados. Ni nini? Ni chipsi zimekaangwa, juu yake mayai ya kukaanga, yanapasuliwa mezani kiini kinatiririka kwenye viazi. Ndio hivyo tu. Wafalme na marais wamekula hapo chipsi na mayai, halafu wewe unasema hakuna ladha.

Na supu ya utumbo? Kuna mwanaume wa Dar asiyejua supu ya utumbo ya asubuhi? Madrid wana callos a la madrileña, utumbo wa ng'ombe umechemshwa masaa mpaka mchuzi unanata midomoni, una paprika, una pilipili kidogo. Kwa wasiokula nguruwe tahadhari: ndani huwa wanaweka chorizo na morcilla, soseji ya damu. Lakini usiseme watu hawa hawajui kupika. Mji unaojua kumheshimu utumbo ni mji unaojua kupika.

Halafu kuna chakula ambacho ndicho Madrid yenyewe, cocido madrileño. Ni dengu, viazi, karoti, kabichi na nyama za aina kadhaa, vyote vinachemka pamoja polepole nusu siku. Kinaletwa kwa awamu. Kwanza mchuzi wenyewe na tambi nyembamba, halafu dengu na mboga, mwisho nyama. La Bola, mtaa unaoitwa hivyo hivyo karibu na jumba la kifalme, wanakipika tangu 1870 kwenye vyungu vidogo vya udongo juu ya mkaa, kila mtu na chungu chake. Wengi wanaoandika historia ya chakula wanasema cocido imetokana na mchuzi wa Wayahudi wa Hispania uliokuwa unaachwa jikoni kuanzia Ijumaa ili Sabato isiguswe. Nguruwe aliingizwa baadaye, enzi ambazo kula nguruwe hadharani ilikuwa njia ya kujiokoa, uonekane wewe ni Mkristo kweli. Yaani kwenye bakuli moja kuna historia ya watu waliofukuzwa na waliobadilishwa dini kwa nguvu. Ndio maana siwezi kukubali mtu aseme hakuna kitu pale.

Na sisi watu wa pwani tuna undugu na jiko hili kuliko tunavyodhani. Madrid ilianzishwa na Waislamu, karne ya 9, ngome ya Muhammad wa Kwanza, mtawala wa Cordoba. Iliitwa Mayrit. Kipande cha ukuta wao bado kipo, chini ya kanisa kuu, unaenda unakigusa bure. Mchele na zafarani vililetwa Hispania na Waarabu. Sikiliza maneno: sisi tunasema zafarani, wao azafrán. Sisi sukari, wao azúcar. Sisi zeituni, wao aceituna. Mtu wa Tanga au Unguja akikaa jikoni hapa anasikia maneno ya bibi yake. Mfalme Felipe wa Pili alikuja kuhamishia makao yake hapa 1561, ndipo mji ukatanuka, na Plaza Mayor ikamalizika 1619. Lakini chini ya yote kuna Mayrit. Hiyo ndiyo ilikuwa posti ya kuweka, Dada. Kofia ungevaa tu, hakuna aliyekukataza.

Sasa wapi pa kula. Mtangazaji anauza elfu thelathini, mimi nawapa bure.

Kama uko Plaza Mayor na njaa inauma, usikae. Toka kwa kona ya mtaa wa Botoneras. Pale kuna La Campana, wanauza bocadillo de calamares, mkate mrefu umejaa ngisi wa kukaanga. Ndio chakula cha mfukoni cha Madrid, euro 4 au 5 hivi, unakula umesimama unasukumana na watu. Hakuna mchuzi, hakuna mapambo. Kamulia limau. Watu wanashangaa mji usio na bahari unapenda ngisi hivyo, lakini ndivyo ulivyo.

Kutoka hapo hatua chache, Casa Revuelta, mtaa wa Latoneros. Wao ni bacalao, samaki wa bahari ya baridi anayekaushwa kwa chumvi, analowekwa mpaka chumvi itoke, anapakwa unga anakaangwa. Watu wa ng'onda mtanielewa. Chumvi ndiyo iliyowezesha samaki kufika huku katikati ya nchi kabla ya majokofu. Mwingine wa bacalao ni Casa Labra, karibu na Puerta del Sol, ipo tangu 1860. Mwaka 1879 kundi dogo la watu, wengi wao wachapaji, lilikutana humo kwa siri likaanzisha chama cha PSOE, ambacho mpaka leo kinashika serikali za Hispania. Unakula kipande cha samaki na croqueta sehemu ambayo siasa ya nchi nzima ilizaliwa, na bili yako haifiki bei ya jagi la sangria la uwanjani.

Usiku au alfajiri, San Ginés, kichochoro nyuma ya kanisa la jina hilo, tangu 1894. Churros na chokoleti. Churros ni unga, maji na chumvi, vinakaangwa, unachovya kwenye chokoleti nzito kama uji wa mgonjwa. Foleni ni ndefu na watalii tumejaa, sikatai. Lakini mtu wa Madrid aliyetoka disko saa kumi alfajiri naye yupo kwenye foleni hiyo. Mtalii na mwenyeji wakila kitu kimoja kwa bei moja, mimi sina ugomvi.

Botín, mtaa wa Cuchilleros. Huyu yuko kwenye kila orodha, ya Mtangazaji pia. Ilianzishwa 1725, na Guinness inaitambua kama mgahawa mkongwe kuliko yote duniani. Ni kweli na tanuri la kuni ni la kweli. Ila Mtangazaji hakuwaambia kwamba sifa yake kubwa ni kitoto cha nguruwe cha kuchoma. Mwana kondoo yupo, ila jiko ni hilo hilo moja, uamue mwenyewe. Pia ni ghali na lazima uweke nafasi mapema. Kwenye orodha yake aliandika nini? "Sehemu kali sana, msikose." Elfu thelathini hiyo.

Na ile Mercado de San Miguel ya vyuma, ya mwaka 1916, ambayo wote watatu wamepiga picha. Nzuri kwa macho. Lakini sio soko la nyanya tena, tangu ifunguliwe upya 2009 ni sehemu ya kuonja vipande vidogo kwa bei kubwa. Ukitaka soko, shuka Mercado de la Cebada, La Latina hiyo hiyo. Bibi anagombana na muuza samaki, kaunta ya bia ipo pembeni. Jumapili mnada wa El Rastro ukiisha mtaa mzima unamwagika kwenye baa. Hapo ndipo utaiona Madrid inakula.

Sasa mambo ya kukuokoa hela, na haya hakuna staa aliyewaambia.

Saa ya kula. Hapa mchana ni kuanzia saa nane mpaka saa kumi, usiku ni kuanzia saa tatu. Mgahawa unaokupikia mlo mzima saa kumi na mbili jioni unakungoja wewe mgeni, hauna mteja mwingine.

Menú del día. Siku za kazi, mchana. Chakula cha kwanza, cha pili, mkate, kinywaji, na tunda au kahawa, bei moja. Mara nyingi euro 12 hadi 16 hivi, katikati ya mji inaweza kupanda kidogo. Kimeandikwa kwa chaki ubaoni, kwa Kihispania, na mwandiko mbaya. Mwandiko mbaya ni dalili nzuri.

Meza. Kusimama kaunta ni bei moja, kukaa nje kwenye uwanja ni bei nyingine. Ukiona menyu ya samaki imeandikwa S/M badala ya bei, maana yake ni bei ya soko ya siku hiyo. Uliza kwanza kabla hujasema ndiyo.

Maji. Tangu 2022 sheria inawataka migahawa wakupe maji ya bomba bure ukiomba. Sema "agua del grifo". Maji ya bomba ya Madrid ni matamu, nayanywa kila siku.

Nguruwe. Uliza "¿lleva cerdo?", yaani kina nguruwe? Na jua majina yake mengine, maana ana majina mengi kuliko tapeli: jamón, chorizo, morcilla, tocino, panceta, manteca. Croquetas nyingi zina jamón ndani, huwezi kuona mpaka umeuma. Uliza pia kama mafuta ya kukaangia wanachanganya. Wengi watakujibu vizuri, na asiyejibu vizuri muage.

Wakikuibia kwenye bili, omba "hoja de reclamaciones", fomu ya malalamiko. Kwa sheria lazima wawe nayo. Mara nyingi ukiitaja tu bili inajirekebisha yenyewe. Yule dada wa Italia angeijua hiyo fomu asingelipa ule mkate.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza, una wivu. Sawa, nina wivu. Mtu analala hoteli ya nyota tano mimi nalala chumba cha watu wanne Lavapiés, nisiwe na wivu kwani mimi malaika? Lakini wivu wangu haubadilishi chorizo kuwa samaki.

La pili, mastaa wanatangaza tu, sio lazima wafuatwe. Hapana bwana. Ukitangaza sabuni unasema umelipwa, au unatakiwa useme. Ukikaa mezani bure kwa sababu una wafuasi, sema umekaa bure. Sisemi Dada alikaa bure, sijui mkoba wake. Nasema aliyelipia ukweli wa posti yake ni mama wa watu, na hakurudishiwa chenji.

La tatu ndilo zito, limeletwa na rafiki yangu Mhispania tunayefanya naye kazi. Aliniambia, waache tu wakale pale uwanjani, bora wajazane kule, baa zetu zibaki zetu. Nilifikiria sana hilo. Lakini sio hivyo inavyoenda. Hela ya paella ya friza ndiyo inayopandisha kodi ya pango. Mwenye nyumba akiona friza na picha vinaingiza kuliko mzee anayechemsha dengu nusu siku, mzee anaambiwa ahame. Kwenye mitaa ninayopita kwenda kazini nimeona vibao vya "se alquila", panapangishwa, kwenye milango iliyokuwa na baa za wazee. Kinachofunguliwa badala yake ni mizigo ya watalii kuhifadhiwa kwa saa. Kwa hiyo posti ya uongo inakula mara mbili, inamla mgeni na inamla mpishi.

Na tugeuze tuone. Staa wa Hispania aje Unguja, akae hoteli ya Mji Mkongwe, ale baga, halafu awaambie watu wake hiki ndicho chakula cha Waswahili. Urojo hajaujua, pweza wa nazi hajamuona, mkate wa ufuta hajausikia. Tungemtukana wiki nzima, na mimi ningekuwa mstari wa mbele.

Kwa hiyo ombi langu kwa mastaa wetu ni dogo. Mkija Madrid, kabla hamjapiga picha, kuleni. Kabla hamjasema "halisi", muulizeni mhudumu hiki kimepikwa wapi na leo saa ngapi. Na kabla hamjawaambia watu ni samaki tu, uliza kuna nini ndani. Dada wa Vipodozi, ile posti bado ipo, nimeiangalia asubuhi hii. Irekebishe, andika mstari mmoja tu kwamba ina nguruwe. Haitakupunguzia mfuasi hata mmoja. Mtangazaji, warudishie watu elfu thelathini zao. Kaka wa Bongo Fleva, ukija tena nitafute, nitakununulia kipande cha tortilla kwa hela yangu ya kuosha vyombo, ukisema hakina ladha nitakupa na ugali.

Ninyi wadau, mliowahi kuliwa hela kwa posti ya staa, popote pale, andikeni hapo chini. Majina msitaje, ila bili tajeni.